Mirihi na Mifereji Isiyokuwako

(Somo la Historia kwa vikundi vya Elimu ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika radio. Viongozi wa vikundi watayarishe ubao na chaki, na kila mwanafunzi awe na karatasi na kalamu ya risasi.)



Somo la leo ni la historia, ingawa litatupandisha mbinguni. Nimekusudia kuwaeleza habari za watu walioitazama sayari ya Mirihi, ambayo Wazungu huiita Mars, kwa darubini kubwa na ndogo. Waliitazama kwa muda wa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya chombo chochote kufika huko. Katika muda huo waligundua mambo mengi ya kweli. Tena waligundua jambo moja kubwa ambalo halikuwako kabisa, na watu wenye elimu wakaliamini kwa miaka zaidi ya thelathini. Hilo la pili ndilo litakalotushughulisha zaidi, maana lina jamaa zake hata leo, na mmoja wao amekwisha kuingia katika simu zenu.

Kwanza tuijue Mirihi yenyewe. Ni sayari, yaani ni dunia kama hii yetu inayolizunguka jua, wala si nyota. Kipenyo chake ni kilomita 6,790 hivi, nusu ya kile cha dunia yetu na zaidi kidogo. Haina mwanga wake. Twaiona kwa mwanga wa jua unaoipiga na kurudi kwetu. Wekundu wake ni kutu, kwa kuwa udongo wake una chuma kilichopata kutu, kama ulivyo udongo mwekundu wa njia zetu za vijijini. Mtu asiye na kitu mkononi aweza kuitambua kwa rangi hiyo, na kwa kuwa haimetimeti sana kama nyota.

Dunia yetu hulizunguka jua kwa siku 365, na Mirihi kwa siku 687. Basi sisi ndio wenye mbio, na kila baada ya miezi 26 hivi twaifikia na kuipita. Wasafiri wa barabara ya Mbeya na Tunduma wataelewa upesi. Basi linapolipita lori lililopakia mzigo mzito, abiria aliye dirishani akililinganisha lori na milima ya mbali huliona kama linarudi nyuma, ingawa nalo linakwenda mbele. Ndivyo ilivyo Mirihi. Kwa miezi mingi huenda upande mmoja kati ya nyota, halafu husimama, hurudi nyuma kwa wiki kadhaa, kisha hushika tena njia yake. Mwaka 2018 ilirudi nyuma hivyo kuanzia mwisho wa Juni hata mwisho wa Agosti. Jambo hili liliwasumbua wataalamu wa kale wa Uyunani, wa Bara Arabu na wa Ulaya kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1609 Mjerumani Johannes Kepler alipotumia vipimo alivyoviacha Tycho Brahe, mtu ambaye hakupata kushika darubini maisha yake yote. Kepler akaonyesha ya kuwa njia ya Mirihi kulizunguka jua ni duara lililobanwa kidogo. Kwa sababu hiyo umbali wetu nayo hauwi ule ule kila tunapoipita. Mara nyingine ni kilomita milioni 100. Mara nyingine, kila baada ya miaka 15 au 17, hushuka hata karibu milioni 56.

Sasa darubini. Mwaka ule ule wa 1609 Galileo, Mtaliana, aliielekeza darubini yake mbinguni. Mirihi haikumpa mengi, maana kioo chake kilikuwa kidogo mno. Aliyepata kitu ni Mholanzi Christiaan Huygens. Tarehe 28 Novemba 1659 alichora doa jeusi lenye umbo la pembetatu katika uso wa Mirihi. Alipotazama tena akaliona doa limerudi pale pale baada ya saa 24 hivi, ndipo akasema kwamba Mirihi nayo huzunguka yenyewe na ina usiku na mchana kama sisi. Doa hilo liko hata leo, na mtu mwenye darubini ya wastani hulikuta mahali pake. Mwaka 1666 Giovanni Cassini alipima siku ya Mirihi akapata saa 24 na dakika 40. Vipimo vya leo vyasema saa 24 na dakika 37. Hebu fikirini, mtu mwenye kioo cha kusugua kwa mkono amekosea dakika tatu tu!

Baada ya miaka mia hivi akaja William Herschel, na huyu nampenda kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki katika mji wa Bath huko Uingereza. Mwanzoni hakuajiriwa kutazama nyota. Alijitengenezea vioo vyake mwenyewe nyumbani, na kati ya mwaka 1777 na 1783 aliichunguza Mirihi akaona ya kuwa ncha zake mbili zina weupe, na weupe huo hukua wakati wa baridi ya huko na kupungua wakati wa joto. Akasema ni barafu. Alisema kweli, ingawa leo twajua kwamba pamoja na barafu ya maji kuna hewa ya kaboni iliyoganda.

Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri. Mwaka 1877 Mirihi ilikaribia sana. Huko Washington, Asaph Hall aligundua kwamba ina miezi miwili midogo. Na katika mji wa Milano, Giovanni Schiaparelli alikuwa na darubini ambayo lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 22. Alikuwa mtazamaji hodari mwenye subira, akachora ramani ya Mirihi iliyoshinda zote zilizotangulia. Katika ramani hiyo akatia mistari myembamba inayounganisha madoa meusi. Akaiita, kwa Kitaliana, canali.

Sikilizeni vizuri neno hilo. Kwa Kitaliana neno canali laweza kuwa njia ya maji iliyojifanya yenyewe, na laweza kuwa njia iliyochimbwa na watu. Sisi tunayo maneno mbalimbali: tukisema mkondo, au korongo, hakuna anayeuliza ni nani aliyechimba, lakini tukisema mfereji, mara moja twamwona mtu na jembe lake. Waingereza nao wanayo maneno mawili ya namna hiyo. Wafasiri wao wakachukua lile la mfereji. Tena kumbukeni wakati wenyewe. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na dunia nzima ilikuwa ikisifu kazi ya kuchimba mifereji. Schiaparelli alikuwa amesema kuna mikondo. Magazeti yakasema kuna mifereji. Na ikiwa kuna mifereji, hapana budi kuna waliochimba.

Mmarekani mmoja tajiri, Percival Lowell, akaingiwa na jambo hilo moyoni. Mwaka 1894 alijenga nyumba ya darubini mahali paitwapo Flagstaff, katika Arizona, palipo juu na pakavu, baadaye akanunua darubini ya lenzi yenye upana wa sentimita 61. Akachora mamia ya mistari. Akaandika vitabu, akaeleza kwamba Mirihi ni sayari iliyozeeka, inakauka, na wakazi wake wenye akili nyingi wamechimba mifereji kuleta maji ya barafu kutoka kwenye ncha mpaka mashambani. Ni habari nzuri, hasa kwa sisi tunaojua maana ya shamba kukosa maji. Watu wakaipenda. Huko Paris, mwaka 1900 ilitangazwa zawadi ya faranga 100,000 kwa atakayewasiliana na wakazi wa sayari nyingine, na Mirihi ikaondolewa katika mashindano hayo kwa kuwa ilidhaniwa kuwa rahisi mno!

Nisimwonee Lowell. Fikira yake ya kupeleka darubini mahali pa juu, penye hewa tulivu, ilikuwa sahihi, na ndiyo inayofuatwa na wataalamu wote leo. Alifanya kazi kwa bidii mpaka alipofariki mwaka 1916. Wala hakuwa mwongo. Aliiona mistari. Shida ni kwamba mistari haikuwako.

Yawezaje kuwa hivyo? Hapa naomba viongozi wasimame ubaoni. Chora duara kubwa kama sahani. Ndani yake tia nukta ndogo ndogo, na madoa madogo yasiyo na mpango, yakifuatana ovyo ovyo kutoka upande mmoja hata mwingine. Usichore mstari hata mmoja. Wanafunzi wasiokuwa wametazama waje wakae, baadhi mbele, baadhi katikati, baadhi nyuma kabisa ya chumba au nje ya mlango, na kila mmoja achore anachokiona bila kuzungumza na mwenziwe.

(Hapa radio ilipiga muziki kwa dakika nne.)

Haya, tuendelee. Mlilolifanya sasa hivi lilifanywa Uingereza na Bwana Maunder wa nyumba ya nyota ya Greenwich, pamoja na Bwana Evans aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa hapo hapo. Matokeo yakatangazwa mwaka 1903. Waliwapa wavulana wa shule duara lenye madoa lisilokuwa na mifereji, wakawaambia wachore. Waliokaa karibu walichora madoa. Waliokaa mbali hawakuona kitu. Waliokaa katikati wakachora mistari iliyonyoka. Jicho linapokuwa katika mpaka wa uwezo wake halikubali kukaa na mashaka. Huunganisha nukta moja na nyingine likampelekea mwenyewe mstari mzuri. Nisiwafiche kwamba Mfaransa Camille Flammarion, aliyeiamini mifereji, alifanya jaribio hilo na wavulana wa Kifaransa, na hakuna aliyechora mstari. Kwa hiyo ubishi haukuisha. Vikundi vyetu navyo huenda vikapata majibu mbalimbali usiku huu, na ndiyo sababu nataka kuyasikia.

Aliyeuvunja ubishi kwa macho yake ni Eugène Antoniadi, Myunani aliyezaliwa Konstantinopoli na kufanya kazi Ufaransa. Alikuwa kiongozi wa kundi la Mirihi katika chama cha Waingereza wapenda nyota, yaani watu wenye kazi zao nyingine za mchana, wanaotazama usiku kwa hiari. Yeye mwenyewe miaka ya nyuma alikuwa amechora baadhi ya mistari hiyo. Tarehe 20 Septemba 1909 alipewa nafasi kutazama kwa darubini kubwa ya Meudon, karibu na Paris, yenye lenzi ya sentimita 83, na usiku huo hewa ilitulia kabisa. Akaona uso wa Mirihi umejaa madoa na vivuli vya maumbo ya kila namna, visivyohesabika. Pale ambapo mifereji ilichorwa, palikuwa na madoa yaliyotawanyika. Mistari ilikuwa imefumuka kama mshono.

Mngedhani habari iliishia hapo. Haikuishia, kwa maana habari tamu haifi siku moja. Mwezi wa Agosti 1924 Mirihi ilikaribia tena, chini kidogo ya kilomita milioni 56. Wakati huo radio ilikuwa kitu kipya. Marekani, vituo vya radio vya jeshi la majini vikaombwa vipunguze matangazo yao kwa siku tatu hivi, vitege masikio, huenda wakazi wa Mirihi wakasema neno. Mimi ninayesema nanyi kwa radio jioni hii nimelifikiria sana jambo hilo. Mabaharia walivaa vyombo vya masikioni wakangoja, na hakuna lililosikiwa ambalo lingeweza kuaminiwa.

Mwisho wa mifereji uliletwa na vyombo vilivyotumwa huko. Mwezi wa Julai 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikarudisha picha 21 na kipande cha picha nyingine. Zilionyesha mashimo ya mviringo kama ya mwezini. Picha hizo ziligusa sehemu moja hivi tu katika mia ya uso wote, kwa hiyo mbishi bado angeweza kubisha. Novemba 1971 Mariner 9 ikafika ikaanza kuizunguka, lakini vumbi lilikuwa limefunika sayari nzima, ikabidi wangoje. Vumbi lilipotua wakaona mlima wa volkano ulio juu zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro. Na wakaona, wasikilizaji wangu, makorongo makavu na njia za maji ya kale, maji yaliyopita zamani sana bila jembe la mtu yeyote. Hazikuwa katika mistari aliyoichora Schiaparelli. Lakini neno lake, kama lingefasiriwa kuwa mkondo, lingekuwa limeishi.

Mtauliza, haya yote yalitendeka Milano na Paris na Arizona. Sisi wa Songwe yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia ambayo vitabu vingi havisemi, kwa sababu viliandikwa kaskazini.

Dunia yetu huipita sehemu ile ya njia ya Mirihi iliyo karibu zaidi na jua mwishoni mwa Agosti kila mwaka. Kwa hiyo makaribiano makubwa huangukia zaidi Julai, Agosti na Septemba. Katika miezi hiyo Mirihi huwa upande wa kusini wa mbingu. Mtu wa London huiona chini chini juu ya mapaa, na mwanga wake hupita katika hewa nyingi iliyovurugika, ikatetemeka kama lami ya barabara inavyotetemeka mchana wa jua kali. Ndiyo sababu Mmarekani Earl Slipher, ambaye alifanya kazi katika nyumba ile ile aliyoijenga Lowell, alifunga safari mpaka Bloemfontein huko Afrika Kusini mwaka 1939, na tena 1954 na 1956, ili kuipiga Mirihi picha ikiwa juu. Afrika ilikuwa mahali pazuri kuliko kwao.

Na sisi je? Julai 2018, mtu wa London aliiona Mirihi ikiwa digrii 13 tu juu ya upeo wa macho ilipofika juu kabisa. Mtu wa Tunduma aliiona digrii 74, karibu na utosi. Tena Julai kwetu ni kiangazi, mvua zimekwisha tangu Mei, na uwanda wa Mbozi uko juu ya mita 1,500, baridi kali na mbingu safi. Makaribiano madogo ndiyo yanayoangukia Januari na Februari, wakati tumefunikwa na mawingu. Lile la Januari 2025, kwa mfano, lilikuwa la kilomita milioni 96, na wengi wetu tulilisikia tu huku tukisikiliza mvua juu ya mabati. Ni kama mbingu imetupangia sisi ratiba. Adui yetu mmoja ni moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa Agosti na Septemba, na huo ni wa kujitakia.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 wengi wenu mnaukumbuka, kwa maana mwezi ulipatwa. Tangu saa nne na nusu hata saa sita na dakika 13 usiku mwezi wote ulikuwa mwekundu kama shaba, muda wa dakika 103, kupatwa kwa mwezi kurefu kuliko kwote katika karne hii. Na kusini kidogo ya mwezi, usiku ule ule, ilikuwa Mirihi, nyekundu na yenye kung'aa ajabu. Wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la jioni la watu wazima karibu na Vwawa. Tulikuwa na darubini moja ya kuazima, ya kioo cha sentimita 11, na darubini moja ya macho mawili, ile wanayoivaa shingoni askari wa wanyama pori. Tukaiweka ile kubwa uwanjani mapema, saa nzima kabla, maana kioo chenye joto la ndani hakitulii katika baridi ya nje. Nikaweka sharti moja: kila mtu atazame, achore, kisha ndipo aseme.

Kwa ile ya macho mawili Mirihi ilikuwa nukta nzito ya rangi ya chungwa, basi. Kwa ile kubwa ilikuwa duara dogo. Dereva mmoja wa malori, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuvuka mpaka na akaja kututembelea, alichora madoa mawili meusi na kofia nyeupe. Kijana mmoja hodari wa kusoma alichora mistari mitatu. Mama mmoja muuza nafaka alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akachora duara tupu. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuona kitu ndani yake, na sitaki kuandika nisichokiona." Wenziwe wakamcheka kidogo.

Mama yule ndiye aliyechora vizuri. Mwishoni mwa Mei mwaka ule dhoruba ya vumbi ilikuwa imeanza huko Mirihi, na kufika Juni 20 ilikuwa imeizunguka sayari yote. Gari la Marekani liitwalo Opportunity, lililokuwa likitembea juu ya Mirihi tangu Januari 2004, lilinyimwa mwanga wa jua, na baada ya Juni 10, 2018 halikusikika tena. Usiku ule Mirihi ilikuwa karibu kuliko ilivyopata kuwa kwa miaka 15, na uso wake ulikuwa umefunikwa kwa shuka la vumbi. Darubini ndogo haikuweza kuonyesha zaidi ya duara lenye rangi. Dereva na kijana walikuwa wamechora Mirihi ya vitabuni.

Sasa nirudi kwenye jamaa wa mifereji niliyemtaja mwanzo. Kuna habari inayorudi karibu kila Agosti, ikipita simu hata simu, kwamba usiku fulani Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Asili yake ni mwaka 2003. Tarehe 27 Agosti mwaka huo Mirihi ilikaribia kuliko ilivyopata kukaribia kwa miaka karibu 60,000. Mtu mmoja aliandika, na aliandika kweli, kwamba ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, itaonekana na ukubwa kama wa mwezi mpevu utazamwao kwa macho matupu. Fanyeni hesabu: hata ikiwa karibu kabisa, upana wa Mirihi machoni petu ni kama sehemu moja katika sehemu 75 za upana wa mwezi. Ikuze mara 75, itakuwa sawa. Lakini habari ilipokuwa ikinakiliwa kutoka mmoja hata mwingine, maneno ya darubini yakaanguka njiani, na tarehe ikabaki "Agosti 27" bila mwaka. Mwaka 1877 neno moja lilifasiriwa vibaya. Mwaka 2003 maneno machache yalikatwa. Waliopeleka habari, wakati wote wawili, hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyetoka nje kutazama kabla ya kuipeleka.

Kuna barua kutoka Mbozi zinazouliza kama kimondo chetu cha Ndolezi kilitoka Mirihi. Hapana. Kimondo kile, chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ni chuma zaidi ya asilimia 90, na nikeli karibu asilimia 9. Chuma cha namna hiyo hutoka katika kiini cha sayari ndogo zilizovunjika, ambazo nyingi huzunguka jua ng'ambo ya Mirihi. Wenyeji walikuwa wakikijua kabla wageni hawajakiandika mwaka 1930. Lakini mawe ya Mirihi yako kweli. Moja lilianguka Nigeria, mahali paitwapo Zagami, tarehe 3 Oktoba 1962, katika shamba, hatua chache tu kutoka kwa mkulima aliyekuwa akifukuza kunguru katika mahindi yake. Lilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi. Huyo nafikiri ndiye mwenzetu aliyeikaribia Mirihi kuliko wote, naye hakuwa na darubini.

Kwa wale wanaotaka kuanza, sihitaji kusema mengi. Msiielekeze darubini yoyote kwenye jua, maana jicho hupofuka mara moja. Mwenye darubini ya macho mawili asitafute madoa, atafute mwendo. Achore nyota zilizo karibu na Mirihi, atie nukta ya Mirihi, na arudie baada ya siku tano, aone imehama wapi. Mwezi wa Machi 2021 ilipita karibu na Kilimia, na vyote viwili vikaingia pamoja katika duara moja la darubini hiyo, kwa wale waliobahatika kupata mwanya wa mawingu. Mwenye darubini kubwa achore duara la upana wa sentimita tano, aandike tarehe na saa kabla ya kutia doa lolote, na asichoke upesi, maana hewa hutulia kwa nukta chache tu halafu huvurugika tena. Ni katika nukta hizo chache ndipo jicho hufanya kazi yake.

Makaribiano makubwa yanayofuata lile la 2018 na la 2020 ni ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 2033, kilomita milioni 63, na ya Septemba 2035, kilomita milioni 57. Hilo la 2035 ndilo letu. Mirihi itapita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Mbozi katikati ya usiku. Watoto walio darasa la kwanza wakati wa mtihani ule wa vumbi wa 2018 watakuwa watu wazima wenye watoto wao.

Kazi ya wiki hii ni ile ya ubao. Kila kikundi kikusanye michoro, kihesabu ni wangapi waliochora nukta, wangapi waliochora mistari, na wangapi ambao hawakuona kitu, na kwa kila mmoja kiandike alikaa hatua ngapi kutoka ubaoni. Msisahihishe mchoro wa mtu yeyote. Tuleteeni kama ulivyo, na wiki ijayo tutasoma matokeo ya Tunduma na ya Ileje pamoja. Kwa herini.